Fundo la Kushoto

Watu wa mtaa wetu hapa Tanga wakipita na wageni mbele ya karakana yangu huwaambia, "Huyu alikuwa Australia." Huwa siwasahihishi wala siwaongezei. Karakana ni yangu, nyumba iliyo nyuma yake ni yangu, mashine za kukereza chuma nilizileta mwenyewe ndani ya kontena, na stashahada ya ufundi mitambo iliyotundikwa juu ya meza yangu haikupatikana kwa mkono wa mjomba wala wa mkubwa yeyote. Niliipata kwa kupanda treni. Aliyenisomesha ni kiwanda, na aliyenipeleka kiwandani ni miguu yangu. Sioni haya kuyasema. Mtu aliyejijenga asipojisifu mwenyewe, amngoje nani?

Lakini ziko asubuhi, kabla mafundi wangu hawajafika, ambapo nasimama katikati ya karakana hii na sitaki kuwa hapa. Nataka kuwa Villawood, magharibi ya Sydney, mbele ya meza ndefu ya mbao iliyolika pembe, na robota la mkonge juu yake, na upande wa pili wa meza mama mmoja wa Kivietnam ameinua mkono wenye glavu, ananiambia kwa Kiingereza chake cha vipande vipande, "Baba. Baba hapa."

Nieleze alikuwa akimaanisha nini.

Kiwanda chetu kilitengeneza kamba na mazulia ya mkonge. Miaka ile ya tisini matajiri wa Sydney walikuwa wamechoka na mazulia ya manyoya, wakataka sakafu zao zifanane na mikeka. Mkonge ulikuja kwa meli, umeshindiliwa katika marobota makubwa yanayohitaji winchi kunyanyuliwa, na kila robota limefungwa kwa kamba za mkonge wenyewe. Kazi yangu na ya yule mama ilikuwa kuyafungua. Unakata kamba, robota linavimba kama mtu aliyekuwa ameziba pumzi, unazichambua singa, zile nyuzi ndefu za mkonge, unazitupa kwenye mkanda ulioelekea kwenye mashine za kusokota. Ndiyo kazi ya chini kabisa ya kiwanda, na mimi niliiomba mwenyewe. Ofisini walinipa nafasi ya kusukuma magari ya nyuzi, iliyo nyepesi zaidi, nikaikataa kwa sababu wakati napita ghalani siku ya kwanza niliisikia harufu.

Aliyekulia Tanga ananielewa. Ile harufu ya singa kavu, iliyo baina ya majani na vumbi na jua, nilikuwa nimeinusa kwenye shati la baba tangu sijajua kutembea. Nikasogea kwenye marobota. Ubavuni palikuwa na alama ya shamba, imepigwa kwa wino mweusi. Lilikuwa shamba letu, shamba lilelile ambako baba alifanya kazi katika chumba cha marobota, akisimama kando ya mashine ya kushindilia, akifunga kamba wakati robota bado limebanwa.

Baba alikuwa mashoto. Kwa watu wa pwani hilo si jambo dogo. Bibi yangu alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa alipokuwa mdogo mpaka akajua kula kwa wa kulia, na kusalimia kwa wa kulia, na kupokea kitu kwa wa kulia. Alikua mtu mwenye adabu kamili. Mkono wa kushoto ukabaki na kazi yake moja tu, nayo ni kazi. Kwa huo alishika nyundo, kwa huo alipanda mnazi, kwa huo alifunga marobota. Na kwa kuwa alikaza kamba kwa huo, fundo lake liligeuka. Mafundo ya wenzake wote mkia wa kamba ulitokea kulia. La baba ulitokea kushoto, kwa chini, mfupi, umelala kama ulimi. Nilipokuwa mwanafunzi nilimpelekea chakula chumba cha marobota, nikipita safu ya marobota yanayongoja gari la bandarini, na niliweza kukuonyesha lipi ni la baba bila kuuliza.

Basi siku ile ya kwanza Villawood nililizunguka robota, nikalikuta fundo lililoelekea kushoto, na nikaweka kiganja changu juu yake. Nilikaa hivyo kitambo. Mama wa Kivietnam alinitazama kama anayetazama mtu anayeugua.

Utaniuliza kwa nini fundo, si kulikuwa na barua? Barua zilikuwapo. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa akiandika, kwa kuwa baba hakupenda kalamu. Na barua za shangazi zilianza hivi zote: sisi huku hatujambo, baba yako hajambo, anakusalimu sana. Sasa wewe unayenisoma ni Mswahili, unajua thamani ya hajambo yetu. Mgonjwa amelala kitandani, macho yamemzama, ukimuuliza hujambo, atajibu sijambo. Ndiyo adabu. Ukitaka kujua ukweli lazima uketi, unywe maji, uulize mara ya pili na ya tatu, umtazame uso. Kutoka Sydney utamtazama nani uso? Nilimpigia simu sikukuu za Idi katika duka la mtu mjini, baba akiitwa tangu asubuhi na kungojeshwa. Alikuwa akipiga kelele kana kwamba simu haina waya bali upepo: "Sijambo, mwanangu. Wewe soma." Kisha anamrudishia mwenye duka mkono wa simu, kwa sababu aliona maneno yamekwisha.

Fundo halina adabu. Fundo haliwezi kusema sijambo. Likifika na mkia wake kushoto, maana yake mkono uliolifunga ulikuwa na nguvu ya kukaza siku robota lilipopandishwa garini. Niliona mimi peke yangu, katika Waafrika wote waliotawanyika kutoka Fairfield hadi Campbelltown, ndiye niliyeletewa habari za baba yangu na meli, na ndiye mwenye akili ya kuzisoma. Nilijivuna kwa hilo kuliko nilivyojivuna baadaye kwa stashahada.

Na habari hizo zilinikimbiza. Usiku wa kuniaga baba alikuwa amesema, mbele ya shangazi, kwamba ataacha kazi siku nitakapomletea cheti mkononi. Si kabla. Nilimwambia aache tu, nitatuma chochote nitakachopata, akasema mtu haachi kazi kwa ahadi. Kwa hiyo kila fundo la kushoto lililofika lilinifurahisha na kunichoma pamoja. Baba mzima. Baba bado ameinama. Jioni natoka kiwandani, nanawa vumbi, napanda treni ndefu ya kusini kwenda chuo cha ufundi Campbelltown, nakaa darasani na vijana wa Kiaustralia wanaochora pembeni mwa daftari, na mimi sichori. Wao walikuwa na wakati. Mimi nilikuwa na mtu aliyeinama.

Nilipanga chumba Fairfield, katika nyumba ya mtu wa Mombasa aliyefanya kazi ya kupaka rangi. Mtu mcheshi, mwenye ulimi. Nilimweleza habari ya mafundo tukiwa tunakula, na tangu siku ile hakuniacha.

"Leo umemuona babako?"

"Nimemwona."

"Yuasemaje?"

"Yuko kazini."

"Haya. Mwambie kwenye robota lijalo anitilie nazi mbili. Hizi za makopo zanichosha."

Kisha anacheka mpaka anashika meza. Lakini nikichelewa kurudi siku ambayo hakukuwa na shehena ya shamba letu, alikuwa akiniwekea chakula chini ya sahani na haniulizi kitu.

Fairfield ya siku zile ilinifundisha jambo ambalo darasani hawakunifundisha. Watu hudhani mji hujengwa na wenye fedha. Mimi nimeishi katika miji miwili iliyojengwa na honi ya zamu. Fairfield ukishuka kwenye treni asubuhi unakutana na Wachile, Waashuri, Walao, Waserbia, kila mtu na mfuko wake wa chakula, wanaelekea viwandani. Mikate ya madukani, saa za misikiti na makanisa kufungua, siku za harusi, hata umri wa watu kuoa, vyote vilikaa kwa kufuata zamu. Kiwanda cha vioo kikifunga zamu ya jioni, mgahawa wa Wachile nao unafunga. Nikitazama hayo nilikuwa namwona babu yangu. Yeye aliletwa Tanga kutoka bara, kwenye lori, kukata mkonge, pamoja na watu wa makabila ambayo hajawahi kuyasikia. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba badala ya jina. Katika kambi zao mkachanganyika ngoma, mapishi, majina ya watoto, na huo mchanganyiko ndio tunaouita leo watu wa Tanga. Mkonge haukuwa na nia ya kutufanya kabila moja. Ulitaka kukatwa tu. Nami Villawood siku ya kwanza nilipewa kadi ya kugonga saa, na juu yake namba. Niliitazama nikacheka peke yangu. Babu, nikasema, nimekwenda mbali kuliko wewe, nimevaa koti zuri kuliko wewe, na nimekuta namba yangu inaningoja.

Fomeni wetu alikuwa Mwaustralia mnene, shingo nyekundu, soksi ndefu mpaka magotini hata siku za baridi. Hakupenda niyatazame mafundo. Kamba unaikata mahali popote, mkasi unapoangukia; mimi nilizunguka kwanza, nikalitafuta fundo, kisha nikakata kando yake ili lisiharibike. Siku moja alikuja akasimama nyuma yangu.

"Rafiki," akasema, "hapa tunafungua marobota. Hatusomi."

Nikageuka. Kiingereza changu kilikuwa kizuri, sikuwahi kuwa na shida nacho, lakini siku ile kilinikauka. Yule mama akanitangulia. Akachukua fundo moja la kulia na moja la kushoto, akayaweka mezani pamoja, akaonyesha la kushoto kisha akanionyesha mimi. "Baba yake," akasema. "Baba yake kafunga. Afrika."

Fomeni akaliokota, akaligeuza. Akatazama alama ya shamba ubavuni mwa robota, akanitazama mimi.

"Babako ndiye anayenifungia haya?"

"Ndiye."

"Basi mwambie apunguze kukaza. Yananimalizia mikasi."

Akaondoka. Hakunisumbua tena. Na shehena ikifika bandarini alikuwa akipita mezani kwetu akisema, bila kusimama, "Wiki ijayo mnafungua ya babako."

Yule mama nilimwita Mama, kwa Kiswahili, na baada ya muda kiwanda kizima kikamwita hivyo, wakidhani ndilo jina lake. Alikuwa mfupi, mwenye mikono ya mtu mrefu. Alipofika nchi ile aliwekwa katika hosteli ya wahamiaji iliyokuwa hapo hapo Villawood, mtaa wa pili kutoka kiwandani. Siku zangu mahali pale palikuwa pamegeuzwa kizuizi cha wahamiaji, pana uzio na watu wa kufungiwa ndani, na basi lilipopita pale alikuwa akisema, "Nyumba yangu," halafu anacheka kidogo. Baba yake alibaki Vietnam alipoondoka yeye kwa mashua. Alimwandikia, barua zikarudi. Akawaandikia majirani, zikarudi. Hakujua kama yuko hai, na hakuwa na namna ya kujua. Aliniambia hayo wakati wa chai, akimenya chungwa, kwa sauti ileile aliyotumia kuniambia bei ya machungwa.

Basi akazishika habari zangu kana kwamba ni zake. Macho yake yalikuwa makali kuliko yangu. Robota likishushwa mezani, kabla sijaweka mkasi chini, alikwisha kulizunguka, na mkono unainuka: "Baba. Baba hapa." Siku nyingine, robota baada ya robota ni mafundo ya kulia tu, naye anatikisa kichwa, anasema, "Baba amelala leo," na ananipa nusu ya chungwa. Fundo la kwanza kabisa la kushoto, lile nililoliwekea kiganja, aliliokota sakafuni siku ile bila mimi kujua, akalitundika kwenye kulabu lake, palipokaa aproni na kofia. Lilikaa hapo miaka yote.

Ninapotamani Villawood, ninatamani hiyo. Si mshahara, maana sasa nalipa mishahara ya watu. Si nyumba za matofali mekundu wala barabara zisizo na mashimo. Ni ule muda kati ya robota kushushwa na mkono wa Mama kuinuka.

Kadiri nilivyokaribia kumaliza chuo, ndivyo mafundo ya kushoto yalivyoongezeka. Nilishangaa. Mwanzoni yalikuwa machache katika kila shehena, mwishoni ikawa nadra kukuta la kulia. Mwenzangu wa Mombasa aliponiuliza nilimwambia baba ameongezwa zamu, anafanya ovataimu uzeeni, na nikapunguza kulala. Siku za karibu na mtihani nilikuwa nikimwona katika kila robota, nikawa naona aibu kumkata.

Nilifaulu. Nilifaulu vizuri, na hilo liandikwe. Waliokuwa wakichora pembeni mwa daftari baadhi yao walirudia mwaka. Mkuu wa idara alinishika mkono akaniuliza nitatafuta kazi wapi, akanitajia viwanda. Wakati huohuo kwetu Villawood mambo yalikuwa yamegeuka. Mazulia yaliyofumwa tayari yalikuwa yakiingia kutoka nchi ambazo mshahara wa siku haununui chungwa la Mama, na matajiri wa Sydney hawakuuliza yamefumwa na nani. Fomeni alituita ghalani, akatuambia kwamba upande wa mkonge utafungwa, utabaki wa nailoni. Alisema akitazama soksi zake. Mashamba ya Tanga yalikuwa yamekwisha kufa nusu kwa sababu ya nailoni hiyohiyo, na sasa mkono wa pili wa kazi, huku kwenye kufungua, nao unakatwa. Nilielewa hapo kwamba meza yetu na chumba cha marobota cha baba ni chumba kimoja, kilichowekewa bahari katikati.

Ningeweza kubaki. Wengi walibaki, na hawakuwa na cheti kama changu. Lakini nilikuwa na ahadi ya mtu, na cheti mkononi.

Siku ya mwisho Mama alikwenda kwenye kulabu lake, akalitungua lile fundo la kwanza. Lilikuwa limekuwa jeusi kwa vumbi na jasho la aproni. Akanipa kwa mikono miwili, kama wanavyotoa wao kitu cha heshima.

"Mwonyeshe baba," akasema. "Mwambie limefika."

"Nitamwambia."

"Halafu niambie kasema nini."

Nikaahidi.

Tanga nilipokelewa kama nilivyostahili kupokelewa. Watu walijaa barazani, na kila mmoja aliyewahi kusema kwamba nimepotea alipitia kunishika mkono. Nilimbusu baba mkono, shikamoo, marahaba mwanangu, akanishika kwa wa kulia kwa nguvu zake zote. Alikuwa amekonda, lakini umbo lilikuwa lile. Amevaa kanzu na juu yake koti, na mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni. Tulikula wali na samaki kwenye sinia moja, kwa mkono wa kulia sote, kama inavyotakiwa. Nilimkabidhi cheti. Aliufuta mkono, akakipokea kwa wa kulia, akakitazama muda mrefu ingawa kiliandikwa Kiingereza, akampa shangazi akiweke mahali pasipo na mchwa. Nilikuwa nimengoja neno.

Wageni walipotawanyika nikasema, "Baba, sasa utaacha kazi."

Akatazamana na shangazi.

"Nina kitu chako kingine," nikasema, maana nilijiona nakaribia kulia na sikupenda. Nikalitoa fundo la Mama, nikalieleza: meza, marobota, mkia wa kushoto, mkono unaoinuka. "Nilikuwa nakuona, baba. Kila shehena nilikuwa nakuona."

Baba akalipokea. Akalisogeza kwenye taa, akaligeuza kwa kidole gumba.

"Hili si langu," akasema.

"Ni lako. Tazama mkia."

"Naona mkia. Hili ni la yule Mnyamwezi wa zamu ya asubuhi. Kauacha mrefu. Nilimkataza mkia mrefu mpaka nikachoka." Akaliweka mkekani kwa upole. "Mimi sijafunga robota tangu mwaka ulioondoka, mwanangu."

Kisha akautoa mkono wa kushoto mfukoni. Mashine ya kushindilia ilikuwa imeuchukua. Vilibaki kidole gumba na kile kidogo cha pembeni, na katikati ngozi inayong'aa.

Shangazi akaanza kulia. Mimi niliutazama tu ule mkono. Ulikuwa haujawahi kula, haujawahi kusalimia mtu, haujawahi kupewa kitu cha heshima. Ulifanya kazi, na kazi ikauchukua.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungerudi," akasema shangazi.

"Ungerudi kunitazama," akasema baba. "Kunitazama ni kazi gani?"

Aliniambia yaliyofuata kama mtu anayesimulia habari za jirani. Walitaka kumwachisha. Akawaambia mkono umekwenda, kichwa kimebaki. Wakamwekea kiti katika chumba cha marobota, awafundishe wapya, kwa mdomo na kwa mkono wa kulia unaoonyesha tu. Alikaa kwenye kiti hicho mpaka kifua kilipomkatalia vumbi, si muda mrefu kabla sijarudi.

"Na wote wanafunga kushoto?"

"Mimi nilijua upande mmoja," akasema. "Walilalamika mwanzoni. Baadaye waliona halitelezi."

Ndiyo maana yaliongezeka. Wa zamani walikuwa wakiondoka na fundo lao la kulia, na waliobaki wote walikuwa wanafunzi wa baba. Nilikuwa nikipanda treni ya Campbelltown, nikijinyima usingizi, nikikimbia kumtoa mtu kazini ambaye mashine ilikuwa imemtoa. Na mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kiti, akijua kwamba nakimbia, na ameniacha nikimbie. Sijui hata leo kama nimkasirikie. Cheti hiki ukutani kingepatikana bila fundo lile? Mimi ni mtu wa bidii, kila mtu anajua, lakini swali hili silijibu haraka.

Baba aliniuliza kuhusu Mama. Alitaka kujua baba yake yeye alikuwa nani, anafanya kazi gani. Nikamwambia Mama hajui kama yu hai. Kisha akamwagiza shangazi kamba, kipande kizuri cha mkonge kutoka chini ya kitanda.

"Lete mkono wako," akaniambia.

Nikampa wa kulia.

"Huo ninao. Lete wa kushoto."

Tukafunga pamoja, mkono wake wa kulia na wangu wa kushoto, kichwa chake kikinigusa bega. Nilikuwa mzito. Mkono wangu huo haujui kitu, umezoea kushika tu kile ambacho wa kulia unakifanyia kazi. Alinielekeza: pitisha chini, si huko, vuta, usiogope, kaza. Lilitoka fundo lenye sura mbaya, lakini mkia wake ulikuwa mfupi, na ulitokea kushoto. Baba akaligusa kwa ule mkono wa vidole viwili. "Hili ndilo langu," akasema. "Mpelekee huyo. Mwambie limefika."

Nililituma Villawood kwa anwani ya kiwanda, na jina la mpokeaji nikaandika Mama, maana ndilo walilomjua kwalo. Ndani nilieleza kila kitu, kisha nikaichana barua hiyo, nikaandika tu kwamba baba amelipokea lake na anamrudishia jingine, na kwamba hajambo. Sikupata jibu. Huenda upande wa mkonge ulikwisha kufungwa, huenda fomeni aliwapa watu wengine lile kulabu.

Baba hayupo tena. Shamba letu limebaki na korona moja, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, inayofanya kazi siku chache, na chumba cha marobota nimekwenda mara moja tu. Nilimkuta yule Mnyamwezi, amezeeka. Nikamwambia nilikuwa nikifungua mafundo yake nchi za mbali, na kwamba nilimpenda kwa miaka bila kumjua. Akacheka, akadhani namtania. Mkia wake bado ni mrefu.

Asubuhi, kabla mafundi hawajafika, huwa nachukua kamba, nafunga kwa mkono wa kushoto. Siku hizi linatoka vizuri, halitelezi, na mkia unalala kama ulimi. Nalishika, nainua macho, na ng'ambo ya meza hakuna mtu wa kuinua mkono.